Kasi ya neva: nikigawanya moja kwa moja napata 20, mkufunzi anapata 55, na namba ni zile zile

Mwana_Fizio

Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua toka tumalize praktiko ya fiziolojia, na kwenye grupu letu kila mtu ana jibu lake, nimeona nilete huku kwa wanaojua.

Tulikuwa tunapima ujumbe unakimbia kwa spidi gani kwenye neva ya mkono, ile ya mediani inayopita katikati ya kifundo cha mkono kwenda kwenye kidole gumba. Mwenzetu mmoja akajitolea mkono, akabandikwa elektrodi kwenye ule mnofu wa chini ya kidole gumba, akapigwa vishoti vidogo pale kifundoni, kidole kinaruka chenyewe (anasema hakiumi sana ila kinakera) halafu kwenye skrini linatokea wimbi. Tukasoma muda toka shoti mpaka wimbi linapoanza kuinuka, milisekunde 3.5. Umbali toka aliposhtuliwa mpaka kwenye elektrodi, sm 7. Mimi nikachukua milimita 70 nikagawanya kwa 3.5, jibu mita 20 kwa sekunde.

Mkufunzi akasema ashtuliwe tena kwenye kiwiko, upande wa ndani. Muda ukawa 7.6. Toka kiwiko mpaka kifundo sm 22.5. Yeye akatoa 3.5 kwenye 7.6, akabaki na 4.1, akagawanya 225 kwa 4.1, kama 55. Akasema hiyo ndo spidi, andikeni, muda umeisha.

Sasa neva ni ile ile, mkono ule ule. Kama inakimbia 55 inakuwaje kipande cha mwisho itambae 20? Na kama kweli mwishoni inapunguza mwendo, mbona hicho kipande tunakitupa kana kwamba hakipo? Mmoja wetu anasema hiyo ni kanuni tu, jibu ambalo halinisaidii. Mwingine anasema si ni umeme jamani, umeme unatakiwa ufike hapo hapo. Nisaidieni.

Kinyozi_wa_Data

Nakaa hapa nasubiri majibu maana hata mimi nilikariri hiyo ya kutoa nikafaulu mtihani bila kujua kwa nini natoa.

Bi_Elektrodi

Mdogo wangu umeuliza vizuri kuliko wengi ninaowafundisha, kazi yangu kila siku ni hiyo hiyo ya kushtua watu mikono na miguu.

Jaribu kurudi nyuma na hesabu. Tuseme neva inakimbia 55 kweli. Hizo milimita 70 za mwisho zingechukua muda gani? Kama milisekunde 1.3. Wewe umesoma 3.5. Kwa hiyo kuna milisekunde 2.2 hivi ambazo hazina maelezo, na zote wewe umeitwika neva ndo maana ikaonekana inatambaa.

Zimekwenda wapi? Kidogo sana zimepotea mwanzoni, manake shoti ikishapigwa juu ya ngozi neva haiwaki papo hapo, inachukua sehemu ndogo ya milisekunde mpaka iwake. Nyingine zimepotea kwenye matawi ya mwisho, kwa sababu neva ikishaingia kwenye msuli inagawanyika vitawi vyembamba, na uzi mwembamba unakwenda polepole kuliko mnene. Na pigo jingine kubwa liko pale neva inapoisha. Neva haigusani na msuli, kuna upenyo hapo katikati. Ujumbe ukifika ncha ya neva lazima kemikali imwagwe, asetilikolini, ivuke, ishike upande wa pili, ndo msuli nao uanze umeme wake mwenyewe. Hapo tu unaacha nusu milisekunde mpaka milisekunde nzima. Na kumbuka elektrodi yako haiko juu ya neva, iko juu ya msuli, kwa hiyo wimbi uliloliona ni la msuli. Neva yenyewe hukuiona kabisa.

Sasa angalia 7.6 ya kiwiko. Ndani yake kuna mambo yale yale yote, matawi yale yale, upenyo ule ule, msuli ule ule. Ukitoa 3.5, vyote vinafutika, unabaki na muda wa kutoka kiwiko mpaka kifundo ambao ni neva tupu. Ni kama kupima uzito wa mtoto asiyetulia, unapanda mzani naye, halafu unapanda peke yako, unatoa. Uzito wako umeuondoa kwenye hesabu ya mtoto ila haina maana hauna uzito.

Na hapo ndo jibu la swali lako la pili. Hatukitupi kile kipande. Ile 3.5 inaandikwa kwenye ripoti peke yake kama muda, haigeuzwi kuwa spidi. Tena kwa mgonjwa ambaye neva yake imebanwa pale kifundoni, anayeamka usiku vidole vinawaka na ganzi, ile 55 ya kiwiko mpaka kifundo inaweza kuwa safi kabisa halafu 3.5 ikawa 5 au 6. Maabara nyingi zikiona imepita 4.4 hivi kwa umbali wa sm 7 zinaanza kutia shaka, ingawa kila maabara ina mpaka wake. Ukiniambia nichague namba moja tu ya kubaki nayo kwa mgonjwa wa aina hiyo ningechagua hiyo unayoita tunaitupa.

Mzee_Fizikia

Bi Elektrodi kamaliza upande wa mkono. Mimi nimjibu yule wa umeme, maana naye hoja yake si ya kudharau, hata wakubwa waliwahi kufikiri hivo.

Kwenye waya, umeme ukisukumwa upande mmoja upande wa pili unahisi karibu papo hapo. Neva haifanyi hivo. Kila kipande cha neva kinafungua vimilango vyake, sodiamu inaingia, kipande hicho kinabadilika chaji, na mabadiliko hayo ndo yanakiamsha kipande kinachofuata. Ni kazi inayofanywa upya njia nzima, na kila kipande kinataka muda wake. Neva yenye ganda la mayelini inajiokolea muda kwa sababu vimilango vimejazana kwenye vifundo vya Ranvier tu (mapengo madogo kwenye ganda, si kifundo cha mkono), kwenye nyuzi nene hivyo vifundo viko mbalimbali kama milimita moja, kwa hiyo ujumbe unaruka toka kifundo mpaka kifundo badala ya kutambaa njia yote. Ganda likiharibika mruko unakwama, na spidi inashuka.

Sasa kisa chenyewe. Johannes Müller, mwanafiziolojia mkubwa wa Ujerumani wa wakati wake, aliona spidi hiyo haitawezekana kupimika, ni ya haraka mno na umbali ndani ya mwili ni mfupi mno. Mwanafunzi wake Hermann Helmholtz akaipima akiwa Königsberg, matokeo yakatoka mwanzoni mwa 1850. Alitumia mguu wa chura, neva na msuli wake. Na hapa Mwana_Fizio tega sikio: alishtua neva karibu na msuli, akashtua tena mbali na msuli, akatoa. Ile ile ya mkufunzi wako.

Saa ya kupima milisekunde hakuwa nayo. Alichofanya, alifungulia mkondo wa umeme kwenye galvanometa (chombo cha sindano cha kupima mkondo) papo hapo anaposhtua neva, na msuli ukijikunja unanyanyua kigusio na kukata mkondo. Sindano ya galvanometa inacheza kiasi kinacholingana na muda ambao mkondo ulipita, kwa hiyo anasoma muda kutokana na sindano ilivyocheza. Tofauti kati ya pointi mbili ilikuwa milisekunde moja na kitu, spidi ikatoka kama mita 27 kwa sekunde. Polepole kuliko sauti kwenye hewa! Watu walishangaa, maana walizoea kufikiri kutaka na kufanya ni kitu kimoja.

Kinyozi_wa_Data

Mzee mbona chura 27 na sisi 55, sisi tuna neva bora?

Mzee_Fizikia

Sisi tuna joto. Chura joto lake linafuata la mahali alipo, na Helmholtz mwenyewe aliona akiipoza neva spidi inashuka. Unene wa nyuzi nao unachangia.

Mwana_Fizio

Asanteni sana, hiyo ya milisekunde 2.2 imeniingia. Nimeipigia hesabu tena na kweli inakaa.

Ila sasa nimekuja na lingine. Grupu la pili walimpima mwenzetu yule yule, mkono ule ule, baada yetu tu, wakapata 48 na point. Wao wanasema baridi, maana kile chumba kina kiyoyozi kikali. Wengine wanasema shoti yao ilikuwa ndogo. Nimeomba daftari lao, kifundo wameandika 3.5, kiwiko 7.6, umbali sm 20.

Bi_Elektrodi

Hebu subiri kwanza. Muda wao ni ule ule wako, 3.5 na 7.6?

Basi si baridi. Baridi ingekuwepo ingerefusha muda. Mkono ukipoa digrii moja spidi inashuka kama mita 2 kwa sekunde, na ule muda wa kifundoni nao unaongezeka kama 0.2. Yaani mkono uliopoa digrii tatu ungeuona mara moja, 3.5 ingekuwa kwenye 4.1 kabla hata hujafika kiwiko. Ndo maana sisi tunapima joto la ngozi kabla ya kuanza, tunataka mkono usipungue 32, mguu wengi wanakubali 30, na kama haujafika tunaupasha kwanza kwa maji ya moto au taulo. Nimeona watu wanaandikiwa ugonjwa wa neva kumbe mkono ulikuwa baridi tu kama samaki wa friji.

Shoti ndogo nayo huwa inaonekana kwenye muda. Ukishtua kidogo unawasha baadhi tu ya nyuzi, na si lazima zile za kasi ziwemo, kwa hiyo wimbi linakuwa fupi na linachelewa kuanza. Unatakiwa upandishe umeme mpaka wimbi likatae kukua, halafu uongeze tena kama robo juu ya hapo. Lakini usiende mbali kupita kiasi, umeme mwingi unasambaa, unaiwasha neva mbele ya pale unapodhani umeiwasha, muda unafupika na spidi inatoka nzuri ya uongo. Au unawasha neva ya alna iliyo jirani, umbo la wimbi linabadilika na mtu hajui kwa nini.

Wao muda umekaa pale pale. Kilichobadilika ni umbali, 22.5 imekuwa 20. Mkono wa mtu haufupiki sm 2.5. 200 gawanya kwa 4.1 ni 48.8, ndo hiyo namba yao.

Na hiyo 2.5 naifahamu vizuri. Kile kishtuzi mlichoshika kina vichwa viwili, hasi na chanya, viko mbali kama sm 2 mpaka 3 hivi. Neva inawaka chini ya kichwa hasi, ambacho kinatakiwa kiwe upande wa kidole gumba, upande wa elektrodi. Ukiweka alama ya kalamu chini ya hasi pale kiwikoni, halafu kifundoni ukaiweka chini ya chanya, umbali unapungua kwa nafasi ya hivyo vichwa viwili na hakuna mtu atakayekuona. Waulize waliweka alama kwenye kichwa kipi. Futikamba siku zote hasi kwa hasi, ifuate njia ya neva, ngozi usiivute, na mkono ukae vile vile ulivyokuwa wakati wa shoti.

Watu wanaogopa mashine wanaiachia futikamba, wakati mashine inasoma muda kwa usahihi kuliko mkono wako unavyopima umbali. Kwenye sm 22.5 ukikosea sm 1 unahama mita 2 na nusu hivi kwa sekunde. Kwenye sm 10, sm 1 hiyo hiyo ni asilimia 10 ya jibu lote. Ndo maana vipande vifupi sana tunavikwepa tukiweza, na hata tukivipima hatuamini namba moja peke yake.

Mlimbwende_07

Samahani wakuu naingilia. Mimi miguu inawaka moto usiku miezi mingi, nilipimwa hicho kipimo cha shoti nikaambiwa neva zako nzima. Sasa hii inayowaka ni nini? Nilianza kuonekana kama najifanyisha.

Bi_Elektrodi

Pole dada. Hujifanyishi.

Kipimo hiki kinaona nyuzi za kasi tu. Ukisoma pale wimbi linapoanza kuinuka, umesoma waliofika kwanza, wengine wote wanaokuja nyuma hawapo kwenye hiyo namba. Na wale wanaobeba maumivu na joto ndo wa mwisho kabisa, nyuzi nyembamba mno, nyingine hazina mayelini hata chembe. Hizo kipimo cha kawaida hakizioni. Mtu anaweza akawa na nyuzi nyembamba zilizoharibika na kipimo kikatoka safi kabisa, na hilo linajulikana kwenye fani, si jambo la ajabu. Kuna njia nyingine za kuzifuata, mojawapo ni kukata kipande kidogo cha ngozi na kuhesabu nyuzi kwenye darubini. Rudi kwa daktari, mwambie waziwazi unataka kujua kuhusu nyuzi ndogo, na kama hujapima sukari mwambie apime, kisukari ni kimoja kati ya visababishi vikubwa. Kupitia maandishi siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mzee_Fizikia

Kuongezea kwa dada. Joseph Erlanger na Herbert Gasser kule Marekani, miaka ya 1920, walichukua osiloskopu ya bomba la miale (mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye skrini) wakaonyesha kwamba wimbi la neva si wimbi moja, ni vilima vinavyofuatana, kila kilima ni kundi la nyuzi lenye spidi yake, nene mbele nyembamba nyuma. Walipewa Nobel ya 1944 kwa kazi hiyo. Zile za nyuma kabisa, tunaziita C, zinakwenda kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde. Piga hesabu toka kidole cha mguu mpaka uti wa mgongo, ni mita moja, inafika sekunde nzima. Ndo maana ukijigonga kidole cha mguu unajua umejigonga, unapata hata nafasi ya kuvuta pumzi, halafu ule uchungu mzito wa polepole ndo unaingia.

Kinyozi_wa_Data

Hiyo nafasi ya kuvuta pumzi mimi huwa naitumia kutukana mapema.

Swali la kweli sasa. Kama shida yote ni ule upenyo wa neva na msuli, si bora kuacha msuli kabisa, upime neva yenyewe?

Bi_Elektrodi

Inafanyika, kwa neva za hisia. Unafunga pete mbili za elektrodi kwenye kidole cha shahada, unashtua pale, unapokea kifundoni. Hakuna upenyo, hakuna msuli, hapo ndo Mwana_Fizio angekuwa na haki ya kugawanya moja kwa moja: sm 14 kwa milisekunde 2.5 ni 56, basi, hakuna cha kutoa.

Tatizo ni ukubwa wa wimbi. La msuli ni milivolti kadhaa, la neva ya hisia ni makumi ya mikrovolti, mara mia na zaidi dogo. Mgonjwa akikaza vidole tu umepoteza, linazama kwenye kelele za misuli. Dawa yake ni kushtua mara nyingi na kuiachia mashine ichukue wastani, kelele zinajifuta zenyewe na wimbi linabaki kwa sababu lenyewe linakuja muda ule ule kila safari.

Mwana_Fizio

Nimewauliza. Wanasema kifundoni aliyeweka alama aliweka "katikati ya kishtuzi", kiwikoni hakumbuki.

Kesho tunafanya neva ya alna, kipande cha kupita kiwikoni. Kuna mtego wowote nijiandae?

Bi_Elektrodi

Katikati hakuna kitu, neva haiwaki katikati. Na hiyo peke yake haitoshi kula sm 2.5 yote, kwa hiyo kiwikoni nako kuna jambo. Warudie.

Alna mtego wake ni mkao. Mkono ukinyooshwa, neva ya alna nyuma ya kiwiko inalegea, inajikunja kunja ndani, wakati futikamba yako juu ya ngozi inapita njia ya mkato. Unapima umbali mfupi kuliko neva yenyewe, spidi inatoka ndogo, unamwambia mtu mzima neva yake imebanwa. Kwa hiyo kunja kiwiko, digrii 70 mpaka 90, acha kati ya pointi ya juu na ya chini ya kiwiko sm 10, na futikamba ipite nyuma ya kiwiko ikifuata mkunjo. Shtua juu na chini bila mkono kusogea, na upime umbali kabla hajaunyoosha. Mwambie tu mapema kwamba atakaa hivyo kwa muda, maana akichoka ataunyoosha katikati ya kazi na hatakwambia.